Bahari Niliyoifuta

Mezani kwangu, Busia upande wa Uganda
Siku moja kabla hujasafiri

Nekesa mwanangu,

Sikuulizi hali. Asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu mawili ukipigana na zipu ya begi, na nilipotoka nyumbani zipu ilikuwa inaongoza. Mambo ya sabuni, shuka na maji ya kunywa mama yako ameshayasema, na kila akifika mwisho anaanza upya kama kwaya yenye kiitikio kimoja. Mimi sina la kuongeza hapo.

Nakuandikia mchana, hapa hapa kwenye meza ninayojazia watu fomu za kuvukia, kwa sababu nikingoja jioni nitapata kisingizio. Nakifahamu kisingizio changu, tumeishi pamoja miaka mingi. Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliianza kwa methali, nikaona haya. Ya pili niliianza kwa "Ukifika ugenini," nikakumbuka ugenini kwangu mimi kulikuwa umbali gani, nikaichana. Na hii nayo nimeshaiinukia mara nne. Mara ya kwanza nilikwenda kusogeza mwavuli, na jua lilikuwa halijafika. Mara tatu nyingine sikuwa hata na sababu hiyo.

Basi niliseme kabla sijainuka tena. Ijumaa ijayo, huko chuoni Morogoro, utasimama mbele ya Mwalimu Rehema, na Zuhura, na Kiprono, na yule binti Mjerumani Lena, watu uliosoma nao hadithi mwaka mzima bila kuwaona miguu. Mwalimu amekuomba ufungue mkutano kwa kusoma ile aya yenu maarufu, mnayoiita Aya ya Ng'ambo. Umeshaikariri. Tangu juzi naisikia ikitoka bafuni pamoja na maji.

Nekesa, ile aya hukuiandika wewe. Niliiandika mimi, nikakudanganya kwamba uliitamka ukiwa na homa.

Haya. Limeandikwa, na kweli nimeinuka. Nimeizunguka meza, nimerudi.

Mama Atieno, yule wa mayai anayevuka kila siku kutoka upande wa Kenya, amenikuta nimeshika kalamu hewani.

"Mzee wa fomu, leo mkono umeshikwa na nini? Unaandika wosia?"

"Barua."

"Ya bibi?"

"Ya mtoto. Kesho anaenda kusoma Tanzania."

"Ai! Basi huyo ndiye anaenda ng'ambo ya ukweli. Sisi wengine kila siku ni ng'ambo, ng'ambo, na soli ya kiatu haijaisha."

Ameondoka akicheka na trei zake kichwani, akaniachia neno lile lile mezani. Hapa kila mtu analo mdomoni. Kabla yake kijana wa bodaboda alikuwa ameniambia, "Mzee, mimi nakwenda ng'ambo narudi sasa hivi, wewe nachunga helmeti yangu." Kwa watu wa hapa mtu anaweza kwenda ng'ambo na chai yake akaikuta bado moto.

Wewe hujawahi kulipenda neno letu hilo. Mwaka ule ulioanza kusoma Kiswahili kwa bidii ulinisahihisha mbele ya mama yako. "Baba, ng'ambo ni ughaibuni, ni kuvuka bahari. Hiyo yenu ni ya barabarani." Nikasema sawa. Baadaye niliichungulia kamusi yako nikakuta maana zote mbili zimelala humo kwa amani, lakini nilikuwa nimeshasema sawa. Nilikuwa na sababu zangu za kutaka ng'ambo iwe mbali.

Nianzie kwenye tangi la maji.

Unajua kwamba mimi nyumba ya fasihi sikuingia kwa mlango. Niliacha shule kidato cha pili. Nilichosoma baada ya hapo nilikisoma kwenye karatasi zilizofungia vitu: karanga, misumari, samaki wakavu wa Majanji. Hadithi nyingi ninazozijua hazina mwisho, zinaishia pale muuzaji alipochana, na nyingine hadi leo nikizikumbuka zinanuka dagaa. Kwa hiyo lilipoanza darasa lenu la simu, watoto wa nchi nne mkisoma hadithi moja kwa wakati mmoja, hadithi nzima, yenye mwisho wake, nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha.

Kila Jumamosi ulikaa nyuma ya nyumba, kando ya tangi, kwa sababu pale mtandao wa Kenya hufika ukiwa na nguvu. Simu uliiegemeza kwenye jerikeni. Nami nilikuja na redio yangu na bisibisi, nikakaa upande wa pili wa tangi kuitengeneza. Nekesa, redio ile haikuwa mbovu. Niliifungua na kuifunga mwaka mzima mpaka ikaharibika kweli.

Siku ile mlikuwa na hadithi ya kurasa nne aliyoichagua Mwalimu Rehema. Mwanamke anapika kila jioni, anapakua sahani mbili. Majirani wakiuliza, anajibu, "Mume wangu yuko ng'ambo." Anakula yake, ile nyingine inakaa. Mwisho anaziosha zote mbili. Basi, imekwisha. Nilifikiri hata hiyo imechanwa.

Kiprono wa Nakuru hakungoja zamu. "Huyo jamaa ako Gulf, anaendesha lori. Na ashapata bibi mwingine, wacheni kujidanganya."

"We Kiprono, una roho mbaya!" akasema Zuhura. "Mi nataka kujua chakula cha hiyo sahani ya pili kinaliwa na nani."

Halafu Lena, kwa kile Kiswahili chake kilichofuliwa na kupigwa pasi: "Samahani. Ng'ambo ni nchi gani?"

Mlicheka hadi simu ikaanguka. Mimi upande wangu sikucheka. Nilikuwa nimeshika bisibisi, na kwa muda nilisahau ni ya nini.

Mwalimu akawapa wiki moja. Kila mtu aandike anavyoielewa sahani ile, kwenye karatasi yenu ya mtandaoni mnayoiandika wote kwa pamoja, kila mmoja na rangi yake. Yako ilikuwa zambarau. Uliandika kwanza daftarini, siku mbili tu baadaye. Kisha malaria ikakulaza, na ukiwa kitandani pale kituo cha afya ukanipa simu na daftari.

"Baba, nakili tu. Kesho ndiyo mwisho. Usiongeze kitu."

Usiongeze kitu. Ulinijua.

Nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi, vidole viwili, herufi moja moja. Nilinakili kwa uaminifu hadi nilipofika mahali ulipoandika hivi: "Ng'ambo ni mbali sana. Mume na mke wametenganishwa na bahari, na bahari haina mlango wa kubisha."

Niliichapa yote. Kisha nikaifuta, kuanzia mwisho kama simu inavyofuta. Kukaondoka kubisha, ukaondoka mlango, ikaondoka bahari. Mahali pake nikaandika:

"Kwetu Busia ng'ambo ni pale. Mwanamke huyu hamwekei mumewe sahani kwa kuwa yuko mbali. Anamwekea kwa kuwa yuko karibu, na anaweza kuja leo, na haji."

Nikabonyeza. Rangi ya zambarau ikakubali bila kuuliza.

Yaliyofuata unayajua. Ulipopata nafuu ukafungua simu, ukakuta Zuhura ameandika, "Jamani Nekesa, nimelia." Kiprono ameandika kwamba anarudisha maneno yake yote. Mwalimu Rehema amesema usomaji huo umeigeuza hadithi nzima. Ulinijia umeshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto.

"Baba, hii ni nini? Kwenye daftari haipo."

Kutoka kitandani kwako hadi nilipokuwa nimesimama mlangoni ni hatua nne. Nilikuwa na hatua nne za kutafuta jibu, na jibu nikalipata kwenye ya tatu.

"Uliyasema kwa homa," nikakuambia. "Nikaandika kama ulivyosema."

Ulichokisema kwa homa, mwanangu, ni "maji" mara tatu, na "zimeni hiyo redio," na redio hapakuwa na yoyote. Fasihi haikuwemo.

Nilidhani ni uongo mdogo, wa kupita. Haukupita. Ulipoomba nafasi ya chuo uliandika kurasa kumi na nane, zote zako, nilizisoma kwa siri na sikugusa hata nukta; lakini uliifanya aya yangu kuwa mlango wa kuingilia. Na tangu hapo umekuwa ukikaa na kalamu unaitazama karatasi, halafu unasema, "Niko mzima mno, Baba. Yule wa homa ndiye anayejua kuandika." Umeyasema hayo mara nne, nimehesabu. Mara tatu nilicheka nawe. Ya nne nilitoka nje kuangalia redio.

Hicho ndicho nilichokuchukulia. Sikukupa sentensi tatu nzuri. Nilikufundisha kumwogopa Nekesa mzima.

Sasa utauliza, na ni haki yako, nilijuaje habari ya mtu aliye karibu ambaye haji. Nimenyanyuka, nimenunua muhogo wa kuchoma, nimeula nikiwa nimesimama. Hauna ladha. Narudi.

Ulikuwa na miaka minne. Tulikuwa tukiishi Tororo kwa jaja yako, mama wa mama yako, pale chini ya mwamba. Siku moja nikatangaza kwamba nimepata nafasi katika chuo cha ualimu upande wa Kenya. Kanisa likaniombea. Jaja yako, ambaye hadi siku hiyo aliniita "yule", akaniita mwalimu. Nikapewa sanduku la bati lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Nilichokuwa sijakisema ni kwamba nafasi ile niliiomba kwa cheti cha ndugu yangu Ouma, aliyemaliza shule na kisha akaenda zake kuchimba dhahabu kule Tiira, mahali ambapo shimo halimuulizi mtu cheti.

Nikafika chuoni, nikapewa fomu. Nami fomu nazipenda tangu zamani. Nikaijaza vizuri sana: mwaka wa kuzaliwa wa Ouma, shule ya Ouma, alama za Ouma. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi. Mkono ukaandika jina langu, kwa mwandiko mzuri, na mkia.

Karani akaitazama fomu, akanitazama. Akaniuliza bila hasira, "Wewe ni nani kati ya hawa wawili?"

Nilibeba sanduku nikatoka. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kwa jina la mtu mwingine. Ungedhani ningejifunza.

Nikarudi hadi Busia, upande wa Kenya, nikasimama hapo. Kutoka pale hadi Tororo, ukipita Busitema, ni mwendo ambao mtu halali garini. Lakini niambie wewe unayesoma hadithi: mtu aliyeimbiwa Jumapili, anarudije Jumatano? Nikasema nitapumzika siku mbili. Nikapata kazi ya kupakia magunia kwenye mikokoteni, nikapata chumba nyuma ya mashine ya kusaga unga wa posho, chenye mlango wa buluu. Siku mbili zikawa miaka minne.

Asubuhi nikisimama mlangoni niliiona Uganda ikipiga mswaki. Nilisikia redio zake. Palikuwa na jogoo mmoja upande huu nilimjua kwa sauti. Kila siku nilikuwa narudi nyumbani kesho. Nilijifunza ukalimani hapo, nikiwasaidia wanawake wa Kisamia na madereva wa mbali wasielewane vibaya, na kila mtu alinishukuru kwa kufikisha ujumbe wake. Wangu haukufika popote.

Nyumbani Tororo waliokuwa wakiuliza waliambiwa, "Yuko ng'ambo." Mama yako hakusema uongo hata kidogo. Alilisema neno la barabarani. Wewe ukalisikia kwa sikio la darasani, kwa sababu mwalimu wenu alishawafundisha kwamba ng'ambo watu huenda kwa ndege.

Mama yako alijua nilipo. Mwaka wa pili mwanamke mmoja wa samaki wakavu aliniona kwenye mkokoteni, akambebea habari. Hakuja, wala hakutuma neno. Kama alikuwa akipakua sahani ya pili sijui, sijamuuliza. Kuna maswali ambayo mtu mwenye akili huyaacha yapoe, na mengine huyaacha kwa sababu ni mwoga, na hili sijui niliweke upande gani.

Mwaka wa nne yule wa samaki akaja na kifurushi cha karanga. "Nimepewa Tororo," akasema. "Hakusema kitu." Mama yako anajua kwamba mimi karatasi ya kufungia siitupi kabla ya kuisoma. Nikamimina karanga kwenye sufuria, nikaikunjua. Ilikuwa ukurasa wa daftari la mtoto. Palikuwa na ndege yenye madirisha mengi mno, na kwenye dirisha moja kichwa cha mtu, na masikio yalikuwa yangu, hayo hayafichiki. Chini yake, kwa herufi zilizoinama kama zinapanda mlima: BABA NGAMBO.

Ningependa kukuandikia kwamba niliondoka siku hiyo hiyo. Nilikaa wiki tatu zaidi. Karanga nilizimaliza kwanza.

Nilipofika, mama yako alikuwa mlangoni anachagua maharage. Akalitazama sanduku, akaitazama miguu yangu.

"Ndege imefika," akasema. Na ungo haukusimama.

Hajaongeza neno hadi leo. Wewe ulitoka ndani mbio, una miaka minane, meno mawili ya mbele hayapo, ukaniuliza swali moja tu. "Baba, ndege ilitua wapi?"

"Entebbe," nikasema.

Ukakimbia kwenda kuwaambia wenzako.

Labda baadaye ulikuja kujua. Tulihamia hapa mpakani, na watoto wa mpakani huyajua mambo kabla hayajatokea. Sijui. Najua tu kwamba siku ile kwenye benchi la wodi nilikutana na bahari katika mwandiko wako, nikaiona ile ndege tena. Umekuwa mtu mzima na bado unanitafutia umbali wa kunisamehea. Nikataka kukuambia ukweli, nikakosa ujasiri wa kukuambia wewe, basi nikawaambia Zuhura na Kiprono na Lena, watu nisiowafahamu, kwa jina lako. Ukweli wangu niliuvalisha zambarau.

Na hadi juzi nilidhani kosa langu ni hilo tu.

Juzi ulipokuwa unapanga vitabu, daftari lile uliliweka kwenye rundo la kuwashia moto. Nikaliokota. Nikausoma ule ukurasa taratibu, nikiwa sina cha kunakili wala wa kumwahi. Bahari haina mlango wa kubisha. Nikasoma tena nikiwa nimesimama, nikasoma nikitembea.

Siku ile niliifuta kwa sababu niliona umekosea neno. Hukukosea. Mimi najua ilivyo kuwa ng'ambo. Sijui ilivyo kumngoja mtu wa ng'ambo. Wewe unajua, na uliandika ulichokiona: kwa mtoto wa miaka sita, kutoka Tororo hadi Busia palikuwa na bahari, na aliyeijaza maji ni mimi. Nilikusahihisha kwa siri niliyokuficha mwenyewe. Mwalimu angefanya hivyo ungemshtaki.

Na sikiliza hili kuliko mengine yote. Ulipoandika sentensi ile hukuwa na homa. Ilikuwa Jumatatu, ulikuwa mzima kabisa, tena umenuna kwa sababu uliambiwa usugue sufuria.

Ukurasa huo nimeuchana kwa uangalifu, nimeukunja pamoja na barua hii. Cha kusoma Ijumaa utaamua wewe. Unaweza kusoma yangu ukasema ni yangu. Kiprono atafurahi, alishasema mume yule ni mtu wa ovyo. Unaweza kusoma yako. Unaweza kuziweka pamoja, ya aliyengoja na ya aliyengojwa, wakabishana hadi kuche. Unaweza kukataa zote ukaandika nyingine, na unaweza kunikasirikia kwanza, nafasi ipo. Ninachokuomba ni kwamba usisimame pale ukiwa mimi. Nililijaribu hilo kwa jina la Ouma. Chini kabisa ya fomu mkono huandika jina la mwenye mkono.

Saa kumi imefika. Mama Atieno anarudi na trei tupu.

"Bado tu? Hiyo ni barua ama ni kitabu?"

"Inakataa kwisha."

"Si umwambie tu kwa mdomo? Mtoto si ako hapo nyumbani?"

Huyu mwanamke anauza mayai, lakini nadhani amesoma mahali.

Nikuambie nilichokuwa nimepanga. Nilipanga barua hii niifungie karanga za safari, uikute ukishapita Kisumu. Hata karatasi niliipima. Halafu nikajiona: napanga tena kuwa ng'ambo wakati wewe unasoma. Kwa hiyo karanga nimezinunulia mfuko, na barua nitakupa leo, mkononi, kabla ya chakula. Naogopa, lakini nimeshafunga mwavuli.

Kesho tutakusindikiza hadi kwenye basi, upande wa pili. Tukishapita mabanda ya ukaguzi na mikokoteni, mkono wa kushoto utasikia mashine ya posho, bado inasaga. Nyuma yake kuna mlango. Siku hizi wameupaka kijani, lakini palipobanduka utaona buluu. Pale ndipo ndege ilipotua. Si Entebbe. Bahari yako ilikuwa na mlango, mwanangu, na nyuma yake nilikuwepo, nasoma karatasi za karanga. Ningependa kuapa kwamba ungebisha ningefungua. Sijui. Nilikuwa mtu wa kusikiliza hatua za watu zikipita.

Jioni hii nitakuwa nje, kwenye benchi chini ya dirisha lako. Sina redio. Soma polepole, huku siendi popote.

Ukimaliza, bisha.

Baba yako, na hili ni jina langu mwenyewe,
Wandera